Antoine Lavoisier

Antoine-Laurent de Lavoisier (Paris, 26 Agosti 1743 – Paris, 8 Mei 1794) alikuwa mwanakemia kutoka nchi ya Ufaransa. Mara nyingi huitwa baba wa kemia ya kisasa. Anajulikana hasa kwa kueleza kazi ya oksijeni katika kuungua kwa vitu na kwa kuipa gesi hiyo jina lake. Alionyesha pia kwamba jumla ya masi ya vitu haibadiliki wakati wa mmenyuko wa kikemia.

Pamoja na hayo, Lavoisier ndiye aliyeanzisha upimaji wa nishati inayotumiwa na mwili wa kiumbe hai. Alionyesha kwamba kupumua ni aina ya kuungua polepole. Akiwa na msaidizi wake Armand Seguin, alipima kiasi cha oksijeni anachotumia mtu aliyetulia bila kufanya kazi, kisha akakilinganisha na kile anachotumia baada ya kula, penye baridi na akiwa kazini. Hesabu za leo za kalori ambazo mwili huchoma wakati wa kupumzika zinatokana na majaribio hayo.

Lavoisier alikuwa pia mmoja wa matajiri waliokusanya kodi kwa niaba ya mfalme. Kwa sababu hiyo aliuawa kwa gilotini wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Maisha ya awali

Lavoisier alizaliwa katika familia yenye mali mjini Paris. Baba yake, Jean-Antoine, alikuwa mwanasheria. Mama yake alifariki Antoine akiwa na umri wa miaka 5, akamwachia urithi mkubwa. Baada ya hapo alilelewa na baba yake pamoja na ndugu wa upande wa mama.

Alisoma katika Collège Mazarin, shule iliyosifika kwa mafundisho ya hisabati na sayansi. Kwa kufuata desturi ya familia alisomea sheria na kupata shahada, lakini hakuwahi kufanya kazi ya uwakili. Muda wake mwingi aliutumia kuhudhuria mihadhara ya kemia ya Guillaume-François Rouelle, na kusafiri na mwanajiolojia Jean-Étienne Guettard kuchunguza miamba na madini ya Ufaransa.

Mwaka 1766 alipewa medali ya dhahabu na mfalme kwa andiko lake kuhusu namna bora ya kuwasha taa katika mitaa ya mji mkubwa usiku. Mwaka 1768, akiwa na umri wa miaka 25 hivi, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Mkusanyaji wa kodi

Mwaka huohuo wa 1768 Lavoisier alinunua hisa katika Ferme générale. Hiyo ilikuwa kampuni ya watu binafsi waliopewa haki ya kukusanya kodi kwa niaba ya serikali ya kifalme. Kampuni ililipa serikali kiasi kilichokubaliwa, kisha ikakusanya kodi kutoka kwa wananchi na kubaki na faida. Miongoni mwa kodi hizo ilikuwemo ile ya chumvi, ambayo iliwaumiza sana watu maskini. Wakusanyaji hao walichukiwa kote nchini.

Faida aliyoipata huko ndiyo iliyogharamia utafiti wake. Vifaa vyake vilikuwa miongoni mwa vile vilivyo bora kabisa barani Ulaya. Mizani zake zilitengenezwa na mafundi hodari kwa bei ambayo wanasayansi wachache tu wangeweza kuimudu.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Pierrette Paulze, binti wa Jacques Paulze, aliyekuwa mkusanyaji wa kodi katika kampuni ileile. Lavoisier alikuwa na umri wa miaka 28 na bibi arusi alikuwa na miaka 13. Marie-Anne alikuja kuwa mshiriki muhimu wa utafiti wa mume wake. Alijifunza Kiingereza ili amtafsirie maandiko ya wanakemia wa Uingereza na Ireland, jambo ambalo Lavoisier mwenyewe hakuliweza. Alijifunza pia kuchora kutoka kwa mchoraji Jacques-Louis David, akachora picha za vifaa katika vitabu vya mume wake. Aliandika pia matokeo ya majaribio wakati yalipokuwa yakifanyika. Hawakupata watoto.

Mwaka 1775 Lavoisier aliteuliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa utengenezaji wa baruti. Alihamia katika jengo la Arsenal mjini Paris, na humo akajenga maabara yake. Kwa kawaida alifanya majaribio asubuhi na mapema, kisha tena jioni. Saa za mchana zilikuwa za shughuli za kodi, baruti na Akademia.

Oksijeni na kuungua kwa vitu

Wakati wa ujana wa Lavoisier wanakemia wengi waliamini kwamba kila kitu kinachoweza kuungua kina dutu iitwayo flojistoni, na kwamba dutu hiyo hutoka kitu kinapoungua. Lavoisier alikuwa na kawaida ya kupima uzito wa kila kitu kabla na baada ya jaribio. Mwaka 1772 aligundua kwamba fosforasi na salfa huongezeka uzito zinapoungua. Kama kuna kitu kilichotoka ndani yake, ongezeko hilo lilikuwa gumu kuelezeka. Alianza kuamini kwamba hewa, au sehemu ya hewa, huingia katika kitu kinachoungua.

Mnamo Oktoba 1774 mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley alitembelea Paris. Alimweleza Lavoisier kuhusu gesi aliyoipata kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki. Ndani ya gesi hiyo mshumaa uliwaka kwa nguvu zaidi kuliko katika hewa ya kawaida. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alikuwa ameipata gesi hiyohiyo kwa njia yake mwenyewe. Wote wawili waliieleza kwa nadharia ya flojistoni.

Lavoisier aliirudia kazi hiyo kwa mizani yake. Katika jaribio lake mashuhuri alipasha zebaki moto kwa siku 12 ndani ya chombo kilichokuwa na hewa ya kiasi maalumu. Unga mwekundu ulitokea juu ya zebaki, na hewa ikapungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa, na wanyama hawakuweza kuishi ndani yake. Kisha alichukua ule unga mwekundu na kuupasha moto zaidi. Ukatoa gesi ya kiasi karibu sawa na kile kilichopotea. Alipoichanganya na hewa iliyobaki alipata tena hewa ya kawaida. Gesi hiyo aliiita oksijeni, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kitu kinachozaa asidi. Jina hilo limebaki hadi leo, ingawa baadaye ilijulikana kwamba zipo asidi zisizo na oksijeni.

Mwaka 1783 alitangaza pia kwamba maji si elementi bali ni muungano wa oksijeni na gesi ambayo baadaye iliitwa hidrojeni. Henry Cavendish wa Uingereza alikuwa amefanya majaribio ya jambo hilo kabla yake.

Kupumua kama kuungua polepole

Tangu zamani watu walijua kwamba mwili wa mtu aliye hai una joto na wa maiti ni baridi. Waganga wengi waliamini kwamba joto hilo hutoka moyoni, na kwamba mtu hupumua ili kuupoza moyo. Wengine walidhani joto hutokana na damu kusuguana na mishipa.

Mwaka 1777 Lavoisier alieleza mbele ya Akademia majaribio aliyoyafanya kwa shomoro aliyefungiwa chini ya chombo cha kioo. Ndege huyo alikufa kabla ya saa moja kwisha. Lavoisier alichunguza hewa iliyobaki, akakuta oksijeni imepungua na mahali pake pamechukuliwa na gesi ambayo leo huitwa kaboni dioksidi. Mabadiliko hayo yalifanana na yale yanayotokea mkaa unapoungua. Kutokana na hayo alipendekeza kwamba joto la mwili na joto la moto vina asili moja.

Ili kuthibitisha wazo hilo ilibidi kupima joto lenyewe. Katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783 Lavoisier alishirikiana na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace kutengeneza kifaa ambacho baadaye kiliitwa kalorimita ya barafu. Kilikuwa na vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine. Chumba cha ndani kabisa kiliwekwa kitu kinachotoa joto. Chumba cha kati kilijazwa barafu, na maji ya barafu iliyoyeyuka yalitoka kwa bomba na kupimwa uzito. Chumba cha nje kilijazwa barafu pia ili joto la nje lisifike ndani. Kifaa kilifanya kazi vizuri wakati wa baridi tu.

Ndani ya chumba cha kati-kati waliweka simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji. Kwa muda wa saa 10 joto la mwili wake liliyeyusha barafu ya karibu gramu 400. Katika jaribio lingine walipima kaboni dioksidi anayoitoa simbilisi kwa muda huohuo. Halafu walikadiria ni barafu kiasi gani ingeyeyushwa na mkaa unaoungua hadi kutoa kaboni dioksidi hiyo. Walipata karibu gramu 320.

Namba hizo mbili hazikulingana kabisa, lakini zilikaribiana vya kutosha. Lavoisier na Laplace walijua sababu kadhaa za tofauti hiyo, mojawapo ikiwa ni kwamba mnyama hupoa kiasi akiwa kwenye barafu. Miaka michache baadaye Lavoisier aliongeza sababu nyingine: mwili hauchomi kaboni peke yake bali pia hidrojeni, ambayo hutoka katika pumzi kama mvuke wa maji. Walihitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole sana, kusiko na mwanga.

Majaribio ya Armand Seguin

Hatua iliyofuata ilikuwa kumpima binadamu. Kuanzia mwaka 1789 kazi hiyo ilifanywa na Lavoisier pamoja na Armand Seguin, mwanakemia kijana aliyejitolea kuwa ndiye anayepimwa. Seguin alivaa barakoa iliyoziba uso na kupumua kwa njia ya bomba, ili oksijeni aliyoivuta na gesi aliyoitoa viweze kupimwa. Marie-Anne alichora picha mbili za majaribio hayo. Katika moja Seguin ametulia, na katika nyingine anakanyaga kanyagio kwa mguu. Mchoraji amejionyesha mwenyewe akiwa mezani anaandika matokeo.

Matokeo yalitolewa kwa inchi za ujazo za Kifaransa kwa kila saa:

* Seguin alipokuwa ametulia, hajala kitu, katika mahali penye joto, alitumia inchi 1,210 za oksijeni, yaani takriban lita 24.
* Alipokuwa ametulia, hajala, lakini mahali penye baridi zaidi, alitumia inchi 1,344.
* Alipokuwa ametulia baada ya kula, alitumia kati ya inchi 1,800 na 1,900.
* Alipofanya kazi kabla ya kula, kwa kuinua mzigo wa takriban kilogramu 7 hadi jumla ya kimo cha karibu mita 200 ndani ya robo saa, matumizi yake yalifikia kiwango cha inchi 3,200.
* Alipofanya kazi kama hiyo baada ya kula, yalifikia kiwango cha inchi 4,600.

Orodha hiyo ina mambo manne ambayo bado ni msingi wa somo hili. Kwanza, mtu asiyefanya kitu chochote anaendelea kutumia nishati. Pili, baridi huongeza matumizi hayo, kwa kuwa mwili unapaswa kulinda joto lake. Tatu, kumeng'enya chakula kwenyewe hutumia nishati. Nne, kazi ya misuli huongeza matumizi kuliko mambo mengine yote. Lavoisier na Seguin waliona pia kwamba mapigo ya moyo na pumzi huongezeka mtu anapofanya kazi, ilhali joto la mwili hubaki karibu palepale.

Vipimo vyenyewe havikuwa sahihi kama vya leo. Mtu mzima aliyetulia hutumia kwa kawaida lita 12 hadi 15 za oksijeni kwa saa, yaani pungufu sana kuliko lita 24 za Seguin. Ongezeko walilolipata baada ya kula nalo ni kubwa kuliko linavyopimwa sasa. Hata hivyo mpangilio wa matokeo ulikuwa sahihi. Sharti walilojiwekea, kwamba mtu awe ametulia, hajala na hasikii baridi, ndilo linalofuatwa hadi leo.

Lavoisier alieleza mwili kuwa na mambo matatu yanayosaidiana. Kupumua huchoma kaboni na hidrojeni na kutoa joto. Jasho na mvuke wa ngozi huondoa joto linalozidi. Mmeng'enyo hurudisha kwenye damu kile kilichochomwa. Kwa maelezo hayo, mwili ni kama taa inayohitaji kuongezewa mafuta. Mtu asipokula, mafuta huisha na taa huzimika. Ili kuchunguza jasho, Seguin alijifunga ndani ya mfuko wa kitambaa kilichopakwa mpira, akawa anapimwa uzito mara kwa mara.

Chakula cha mfanyakazi

Katika andiko lililosomwa mbele ya Akademia mwishoni mwa mwaka 1789, miezi michache baada ya Mapinduzi kuanza, Lavoisier na Seguin walitoa maana ya kijamii ya vipimo vyao. Kama kazi ya misuli huongeza kuungua ndani ya mwili, basi kibarua anayeishi kwa nguvu za mikono yake huchoma sehemu kubwa zaidi ya mwili wake kuliko tajiri anayekaa tu. Kwa hiyo ndiye anayehitaji chakula zaidi. Ilhali katika jamii mambo yalikuwa kinyume: mwenye mahitaji madogo ndiye aliyekuwa na chakula tele, na mwenye mahitaji makubwa alikosa. Waandishi walieleza matumaini yao kwamba sheria mpya zingepunguza tofauti hiyo.

Maneno hayo yalitoka kwa mtu ambaye utajiri wake ulitokana kwa sehemu na kodi walizotozwa vibarua haohao. Katika miaka ya 1780 kampuni ya Ferme générale ilikuwa imejenga ukuta kuuzunguka mji wa Paris ili kuzuia bidhaa kuingia bila kulipiwa ushuru. Wananchi waliuchukia ukuta huo, kwa kuwa ulipandisha bei ya vyakula na vinywaji, na wengi walimwona Lavoisier kuwa miongoni mwa waliohusika nao.

Kwa upande mwingine, Lavoisier aliunga mkono mageuzi mengi. Katika shamba lake la Fréchines, karibu na Blois, alifanya majaribio ya kuboresha kilimo. Mwaka 1791 alichapisha makadirio ya mazao na utajiri wa ardhi ya Ufaransa. Alikuwa pia mjumbe wa tume iliyotayarisha vipimo vipya vya uzito na urefu, ambavyo ndivyo mwanzo wa mfumo wa mita.

Maandishi

Mwaka 1787 Lavoisier alishirikiana na Guyton de Morveau, Claude-Louis Berthollet na Antoine-François de Fourcroy kutoa kitabu cha majina mapya ya kemia. Mfumo huo ulikipa kila kiwanja jina linaloonyesha kimeundwa na nini.

Mwaka 1789 alichapisha kitabu cha misingi ya kemia, *Traité élémentaire de chimie*, chenye orodha ya dutu 33 alizoziona kuwa elementi. Katika orodha hiyo aliweka pia mwanga na joto. Joto aliliita kaloriki, akiamini kwamba ni aina ya dutu isiyo na uzito. Dhana hiyo iliachwa katika karne ya 19, ilipofahamika kwamba joto ni aina ya nishati. Neno kalori, kama jina la kipimo cha joto, lilianza kutumika baada ya kifo chake, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya joto.

Kukamatwa na kifo

Mnamo Agosti 1789 umati wa watu nusura umuue Lavoisier, wakishuku kwamba baruti iliyokuwa ikihamishwa kutoka Arsenal ilipelekwa kwa maadui wa Mapinduzi. Mwaka 1791 mwanasiasa Jean-Paul Marat alimshambulia katika maandishi yake kuhusu kodi na ukuta wa Paris. Marat aliwahi kuandika juu ya asili ya moto, na Akademia ilikuwa imekataa kuyakubali mawazo yake. Mwaka huo pia Ferme générale ilifutwa.

Tarehe 8 Agosti 1793 Akademia ya Sayansi ilifungwa pamoja na akademia nyingine. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo ilitolewa amri ya kuwakamata waliokuwa wakusanyaji wa kodi. Lavoisier alijificha kwa siku chache, kisha akajisalimisha pamoja na baba mkwe wake. Akiwa gerezani aliendelea kupanga maandishi yake ili yachapishwe, yakiwemo yale ya kupumua na jasho.

Marie-Anne na baadhi ya wanasayansi walijaribu kumtetea bila mafanikio. Tarehe 8 Mei 1794 wakusanyaji wa kodi 28 walihukumiwa na Mahakama ya Mapinduzi, na wote wakauawa siku hiyohiyo. Jacques Paulze aliuawa mbele ya mkwewe, kisha Lavoisier akafuata. Alikuwa na umri wa miaka 50. Miili yao ilizikwa katika kaburi la pamoja. Inasimuliwa mara nyingi kwamba hakimu alisema Jamhuri haihitaji wanasayansi, lakini wanahistoria hawaoni ushahidi kwamba maneno hayo yalitamkwa. Mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange alisikitika kwamba kichwa kilichokatwa kwa dakika moja huenda kisipatikane tena kwa miaka mia.

Mwaka uliofuata serikali mpya ilikiri kwamba hukumu haikuwa ya haki, na Marie-Anne alirudishiwa mali iliyochukuliwa. Baadaye alitoa maandishi ya mume wake aliyokuwa ameyapanga gerezani. Aliolewa tena na mwanafizikia Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, ambaye alikuwa mmoja wa wapinzani wakuu wa nadharia ya kaloriki. Ndoa hiyo haikudumu. Marie-Anne alifariki mwaka 1836.

Urithi katika elimu ya umetaboli

Lavoisier alidhani kwamba kuungua kwa kaboni na hidrojeni hutokea mapafuni. Katika karne ya 19 wanasayansi walionyesha kwamba hutokea ndani ya seli za mwili mzima, na kwamba damu husafirisha oksijeni tu. Sehemu nyingine za nadharia yake zilithibitishwa. Mnamo 1894 Max Rubner wa Ujerumani alipima joto la mbwa kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kukadiria kutokana na chakula na pumzi. Tofauti ilikuwa chini ya asilimia 1. Huko Marekani Wilbur Atwater na Edward Rosa walijenga kalorimita kubwa ambamo mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa, wakapata kwamba kanuni hiyohiyo inamhusu binadamu.

Kiasi cha nishati kinachotumiwa na mwili ulio macho lakini umelala chali, umetulia, haujapata chakula kwa saa 12 hivi, na hausikii joto wala baridi, huitwa kiwango cha msingi cha umetaboli. Nishati hiyo hutumika kuendesha moyo, mapafu, ini, figo na ubongo, kulinda joto la mwili na kujenga upya seli. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati hiyo. Kwa mtu asiyefanya kazi nzito, kiwango cha msingi ni zaidi ya nusu ya nishati yote anayoitumia kwa siku.

Mwaka 1919 James Arthur Harris na Francis Gano Benedict walitoa fomula za kukadiria kiwango hicho bila kupima pumzi, kutokana na vipimo vya wanaume 136 na wanawake 103. Kwa mwanaume, huchukuliwa 66.5, huongezwa uzito wa kilogramu mara 13.75, huongezwa kimo cha sentimita mara 5, kisha hupunguzwa umri wa miaka mara 6.76. Kwa mwanamke, huchukuliwa 655, huongezwa uzito mara 9.56 na kimo mara 1.85, kisha hupunguzwa umri mara 4.68. Kwa mfano, mwanaume wa miaka 30 mwenye kilogramu 70 na kimo cha sentimita 170 hupata takriban kilokalori 1,680 kwa siku. Hiki ndicho kinachoitwa kalori katika mazungumzo ya kawaida kuhusu chakula.

Jibu la fomula ni makadirio tu. Watu wawili wenye uzito, kimo na umri sawa wanaweza kutofautiana, hasa kwa sababu ya wingi wa misuli, homoni za tezi dundumio, homa au ujauzito. Hospitalini, pale usahihi unapohitajika, mgonjwa bado hupimwa oksijeni anayoivuta na kaboni dioksidi anayoitoa, kwa kanuni ileile iliyotumika kwa Seguin.

Makadirio ya mahitaji ya chakula ya watu na mataifa hufuata pia njia hiyo. Ripoti ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 1985 ilianza na kiwango cha msingi cha umetaboli, kisha ikakizidisha kulingana na uzito wa kazi anayoifanya mtu. Kwa hesabu hiyo mkulima anayelima kwa jembe na kibarua anayebeba mizigo huhitaji chakula kingi kuliko mtu anayekaa ofisini, kama Lavoisier alivyoeleza mwaka 1789.

Kumbukumbu

Jina la Lavoisier ni miongoni mwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel mjini Paris. Picha yake akiwa na Marie-Anne, iliyochorwa na Jacques-Louis David mwaka 1788, imehifadhiwa katika Metropolitan Museum of Art mjini New York.